Mti wa Nchi Isiyo Yetu



Mwaka 1994, wakimbizi kutoka Rwanda walipofika Goma, walikata kuni katika Hifadhi ya Virunga. Nilikuwa mtoto, nakumbuka wazee wetu wakinung’unika. Leo sisi wa Kivu ndio wageni, na wenyeji wetu wananung’unika vilevile.

Je, kukata mti ni dhambi? Mama mwenye watoto wenye njaa afanye nini? Maharagwe hayaivi kwa maombi tu.

Mwaka 1983 mwanafalsafa wa Marekani, Thomas Hill, aliandika juu ya jirani aliyekata mparachichi mzuri wa uani na kumwaga lami mahali pote. Hakuuliza tu, “Amemkosea nani?” Aliuliza, “Ni mtu wa namna gani afanyaye hivi?” Aliona kwamba hapo unyenyekevu umepungua.

Swali hilo linatuhusu. Mmoja huokota matawi makavu. Mwingine hufyeka hata mche wa mwembe akisema, “Si kwetu, nitaondoka.” Wote wawili wanapika, lakini mioyo yao si sawa.

Kumbukumbu la Torati 20:19 inakataza kukata miti ya matunda hata ya mji unaopigana nao. Sembuse ya watu waliotupokea?

Ndugu zangu, tabia hujengwa kwa kurudiarudia. Siku ya kurudi nyumbani tutaacha nyumba na mashamba ya hapa, lakini moyo tulioujenga hapa tutaondoka nao. Basi tuuangalie.

Mungu awabariki.