Risasi Isiyopigwa Haiokotwi

Kiswahili hakikutenga madini na mauti. Risasi ni ile metali laini, nzito, ya kijivu, na risasi ni kile kinachomtoboa mtu. Kwa bastola za zamani za baruti jina hilo linafaa kabisa, manake hakukuwa na ganda la shaba. Ulimimina baruti katika tundu la silinda, ukaweka goroli ya risasi iliyozidi tundu kidogo, ukaishindilia kwa wenzo hadi ukingo wake ukachongeka pete nyembamba. Halafu fataki nyuma, halafu kidole.

Goroli ikiokotwa baadaye husomeka. Duara hafifu usoni ni alama ya wenzo ulioishindilia. Ubavuni kuna michirizo ya mifereji ya mtutu. Ya Colt huwa 7, imejipinda kushoto. Ikiwa imebapa kama sarafu, iligonga kitu kigumu. Ikiwa mviringo safi bila mchirizo, pengine ilimdondoka mtu tu akijaza bastola kwa haraka. Juu ya yote kuna utando mweupe wa risasi iliyolala ardhini miaka mingi.

Sasa twende Sand Creek, Colorado. Alfajiri ya 29 Novemba 1864, wanajeshi karibu 700 wa Kanali John Chivington walivamia kambi ya Wacheyenne na Waarapaho waliokuwa wakitafuta amani. Waliua zaidi ya 200, wengi wao wanawake, watoto na wazee. Chivington akaiita vita, eti ameua wapiganaji 400 hadi 500. Mwaka 1999 wanaakiolojia walipita pale na vifaa vya kutambua metali, wakaokota risasi na vipande vya makombora. Dalili za watu wa kambini kujibu mashambulizi zilikuwa haba. Si unaona? Vita gani hiyo ya upande mmoja?

Mimi hapo nakwama mara mbili. Kwanza, vizazi vya waliouawa walikuwa wakisema hivyo hivyo tangu zamani. Mbona tulingoja goroli? Utaambiwa risasi haina upande. Sawa, lakini anayeisikiza kabla ya kumsikiza ajuza wa Kicheyenne ana upande tayari.

Pili, na hili ndilo linalonisumbua zaidi, kuna Kapteni Silas Soule. Alikuwa pale na kikosi chake, akakataa kuwaamuru wafyatue. Haya, tafuta ushahidi wa hilo kwenye udongo. Mahali waliposimama watu wasiopiga panafanana na mahali ambapo hakuna aliyewahi kusimama. Muuaji ameacha saini yenye mifereji 7. Aliyekataa hajaacha kitu.

Ukimya wa kambi ulisomeka kwa sababu Chivington alikuwa ametoa dai, na dai hupimwa. Ukimya wa Soule hauna cha kupimwa nacho mpaka afungue mdomo. Ndiyo maana najiuliza kama kukataa kimyakimya kunatosha. Kwa mama aliyekuwa akikimbia na mtoto, goroli moja pungufu ni kitu kikubwa, sitalidharau hilo. Ila kesho yake habari husimuliwa na waliopiga, na yule aliyenyamaza anahesabiwa kati yao. Anawapa hata heshima yake waitumie. Naona hakutoshi.

Soule hakunyamaza. Wiki 2 baadaye aliandika barua akieleza alichokiona, na Februari 1865 akatoa ushahidi Denver mbele ya maafisa wa jeshi. Tarehe 23 Aprili akapigwa risasi barabarani mjini humo humo, akafa. Alikuwa na miaka 26, ndoa yake haijatimiza mwezi. Chivington alikuwa ameshaacha jeshi, na hakuwahi kushtakiwa.

Tangu 1999 Wacheyenne na Waarapaho wamekuwa wakikimbia mbio za ukumbusho kutoka Sand Creek hadi Denver. Wakifika mjini husimama kaburini kwa Soule.