ILIMU YA KIARABU NA JIRANI ASIYE MWISLAMU

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Amma baad. Chimwaga, kando ya mji wa Dodoma katika nchi ya Wagogo, ndipo kilipoanzia Chuo Kikuu cha Dodoma mwaka 2007. Kijana atokaye madrasa za pwani akifika huko humkuta Mkristo darasani, humkuta na bwenini, akimsikia Mgogo amwita Mola wake Mulungu. Hapo ndipo ilimu yake ya Kiarabu hupimwa: amefunzwa kutamka tu, au amefunzwa na kufahamu?

Katika Suratul Anaam, aya ya 108, Mwenyezi Mungu amewakataza Waislamu kuwatukana wale waombwao na wengine badala Yake, wasije nao wakamtukana Yeye kwa uadui pasipo kujua. Mtoto huisoma aya hii kwa tajwidi nzuri, na mzazi akafurahi. Lakini mwalimu wa nahau na asimame penye herufi moja, fa, iliyo mwanzoni mwa neno fayasubbu. Wanachuoni wengi huiita fa ya sababu. Yaani tusi la pili limezaliwa na la kwanza, na aliyeanza ndiye aliyefungua mlango. Mtoto akiulizwa iirabu ya neno hilo, amekwisha kufunzwa adabu, hata kama mwalimu hakuitaja.

Na herufi hiyo si ndogo. Oktoba 2012, Mbagala katika Dar es Salaam, watoto wawili walibishana juu ya Msahafu, mmoja akauvunjia heshima. Watu wazima wakatoka, wakavunja makanisa na kuyatia moto. Kosa likazaa kosa, na lililozaliwa likawa kubwa kuliko mzazi wake. Mtoto alikuwa hajui. Watu wazima walikuwa na udhuru gani?

Tena wako wasemao ya kuwa Kiarabu ni cha Waislamu peke yao. Na wafungue Al-Munjid, kamusi iliyo rafuni kwa walimu wengi. Mtungaji wake ni Louis Maalouf, padri wa Kijesuti, nayo ikapigwa chapa Beirut mwaka 1908. Wako waliomkosoa katika maneno ya dini, na haki yao. Wala kamusi haikutupwa. Mwalimu na amtajie mwanafunzi jina hilo siku ile ile amfunzayo kutafuta mzizi wa neno. Si kwa kuwa dini zimekuwa moja, maana Suratul Kafirun imekwisha kulikata shauri hilo, bali ajue kwamba amepokea ilimu mkononi mwa asiye wa dini yake. Na akifika Chimwaga asione haya kuazima kitabu kwa Mkristo aliye kitanda cha pili, wala kumwazima chake.

Wallahu aalam.