Baiskeli Isiyokwenda Popote

Soma kwa ajili ya somo hili: Mathayo 21:28–31, Mathayo 6:1–6, Mathayo 26:36–44, 1 Wakorintho 9:24–27, Mhubiri 4:9–12, Kutoka 20:8–11.

Kipupwe kinapoingia Lushoto, kuanzia Juni hadi Agosti, ukungu hushuka mpaka kwenye vizingiti vya milango. Mgeni anayepanda kutoka joto la Mombo hushangaa kukuta watu wamevaa makoti saa nne asubuhi. Mji uko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, njia za kwenda vijijini huwa telezi, na saa kumi na moja alfajiri blanketi huwa na nguvu kuliko azimio lolote lililowekwa jana yake jioni.

Katika mji huo mwalimu mmoja wa shule ya msingi, mtu wa miaka 52, aliambiwa kliniki kwamba shinikizo lake la damu limepanda. Baba yake mzazi alikufa kwa kiharusi, kwa hiyo hakuhitaji maelezo marefu. Alipewa dawa, akaambiwa apunguze chumvi na afanye mazoezi. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa juma, naye akazigawa: nusu saa kwa siku tano. Lakini miinuko ya Usambara haina huruma kwa mtu anayeanza kuendesha baiskeli, hasa barabara ikiwa imelowa. Basi akamwendea fundi wa kuchomelea, akatengenezewa stendi ya chuma ya kuinua gurudumu la nyuma, pamoja na kipande cha tairi kuukuu cha kulikandamiza ili pedali ziwe nzito kidogo. Baiskeli ikawekwa sebuleni, kati ya meza ya chakula na gunia la viazi.

Juma la kwanza lilikuwa kama sikukuu. Watoto walicheka, jirani wakachungulia. Kila asubuhi aliposhuka, mkewe alimwuliza, "Baba, leo umefika wapi?" Naye akajibu, "Nimefika Soni, Mama," kwa maana Soni iko njiani kati ya Lushoto na Mombo, na huko ndiko alikokuwa anajiendesha kwa mawazo. Juma la tatu utani ulikwisha. Mkewe alipouliza, alijibu kwa kifupi kwamba hajafika popote. Na ilikuwa kweli.

Wanaojizoeza kwa baiskeli ya ndani katika nchi za baridi kali, ambako theluji hufunga barabara kwa miezi, wanaujua uchovu huu. Hautoki miguuni peke yake. Barabarani kuna mteremko ambapo mtu anapumzika bila kusimama. Ndani hakuna mteremko, kila mzunguko wa pedali lazima ulipiwe. Barabarani upepo humpoza mwendeshaji. Ndani hakuna upepo, na kwa kuwa karibu robo tu ya nishati inayotumiwa na misuli huingia kwenye pedali, na nyingine yote hugeuka joto, mtu hutiririka jasho ndani ya chumba chenye baridi. (Kufungua dirisha husaidia, ingawa wenye nyumba wengine hulalamika.) Zaidi ya yote, barabarani jicho huona kwamba kazi imezaa kitu: kijiji kimepita, daraja limevukwa. Sebuleni, baada ya nusu saa ya jasho, gunia la viazi liko palepale.

Hapo ndipo swali gumu lilipomjia mwalimu, na halikuwa swali la miguu. Alijiuliza: kama kweli mwili huu ni hekalu, na kama kweli anamshukuru Aliyempa, mbona hana hamu? Na kama hana hamu, je, kukanyaga kwake si unafiki? Ni afadhali kuacha, aliwaza, kuliko kumtolea Mungu kitu ambacho moyo haupo.

Wazo hili lina sura ya uchaji, na kwa sababu hiyo ni la hatari. Haliishii kwenye baiskeli. Humjia mama anayepiga magoti alfajiri na kuona maneno yake ni makavu. Humjia shemasi aliyechoka kutembelea wagonjwa, na kijana anayefungua lesoni kwa sababu tu ni saa ya lesoni. Wengi waliacha maombi wakiamini wanaacha unafiki.

Soma Mathayo 21:28–31. Je, ni yupi kati ya wana wale wawili aliyekuwa na hamu ya kwenda shambani, na Yesu aliwauliza wasikilizaji wake nini juu yao?

Mwana wa pili alikuwa na jibu zuri. Pengine wakati anatoa jibu lile alikuwa na hamu pia. Mwana wa kwanza alikataa waziwazi. Baadaye akabadili nia, akaenda. Mfano hausemi kwamba aliimba njiani, wala kwamba alipofika aliona kazi ni tamu. Yesu hakuuliza yupi alijisikia vema. Aliuliza yupi alifanya alichotaka baba.

Neno la Kiyunani ambalo katika Injili limetafsiriwa "mnafiki" lilitumika pia kwa mwigizaji wa jukwaani. Mwigizaji anahitaji watazamaji. Ndiyo maana katika Mathayo 6 Yesu anaunganisha unafiki na njia panda na macho ya watu, kisha anamwelekeza mwombaji kwenye chumba chenye mlango uliofungwa. Mtu anayejilazimisha peke yake ndani ya ukungu wa Julai, mbele ya gunia la viazi, hana wa kumwigizia. Anaweza kuwa mchovu au mwenye uchungu, lakini si mnafiki, isipokuwa atoke nje na kujisifu kwamba anafurahia.

Na kule Gethsemane, Mwokozi hakuficha kwamba kikombe kile hakukitaka. Alirudi kuomba mara tatu, kwa maneno yaleyale. Kama utii bila hamu ungekuwa unafiki, saa ile isingekuwa na maana yoyote.

Aristotle, mwanafalsafa wa Kiyunani, alifundisha kwamba mtu huwa mwenye haki kwa kutenda mambo ya haki, kama fundi anavyojifunza kujenga kwa kujenga. Katika hilo alisema kweli. Lakini pia alidai kwamba asiyefurahia matendo mema bado si mtu mwema, na hapo Gethsemane inampinga. Furaha ni zawadi inayokuja kwa wakati wake. Kuifanya iwe sharti la kuanza ni kumfungia mtu mlango kabla hajaamka.

Hata hivyo hili halimaanishi kwamba kila kujilazimisha ni kwema. Milima ya Usambara yenyewe ina ushahidi. Mwaka 1946 serikali ya kikoloni ya Waingereza ilianzisha huko Mlalo mpango wa kuokoa udongo uliokuwa ukichukuliwa na mvua, na baadaye mpango huo ukaenezwa sehemu nyingine za Usambara. Wakulima waliamriwa kuchimba matuta katika mashamba yao, na waliokaidi walitozwa faini. Kazi ilikuwa nzito, na sehemu kubwa iliwaangukia wanawake. Tatizo la udongo lilikuwa la kweli, walioliona hawakukosea. Lakini watu walichukia matuta, wakapinga, na mwishoni mwa miaka ya 1950 mpango ukaachwa. Mwaka 1981 ukaanza Lushoto mradi mwingine wa kuhifadhi udongo, uliojulikana kwa jina la SECAP. Huu ulihimiza wakulima kupanda mistari ya majani ya malisho kukata mteremko. Majani hayo hushika udongo na pia hulisha ng'ombe zizini. Ng'ombe hutoa maziwa na samadi, na samadi hurudi shambani. Mlima ni uleule, mvua ni ileile, na mgongo wa mkulima ni uleule. Kilichobadilika ni kwamba aliyeinama aliona anainama kwa ajili ya nyumba yake.

Mwalimu wa Lushoto alikuwa anakanyaga kwa woga wa kiharusi. Woga ulimwamsha vizuri kwa majuma mawili, kisha ukachoka, kama bwana shamba wa kikoloni ambaye hawezi kusimama kwenye kila tuta. Woga una faida ya kumwamsha mtu. Kumwendesha miezi mitatu hauwezi.

Je, lengo basi? Wengi husema: jiwekee lengo, tazama taji. Soma 1 Wakorintho 9:24–27. Wakorintho waliielewa lugha hiyo vizuri, kwa kuwa michezo ya Isthmia ilifanyika karibu na mji wao kila baada ya miaka miwili, na mshindi alivikwa taji la majani. Lakini Paulo hasifii taji lile. Anasema wazi kwamba linaharibika. Na lengo la dunia hii haliharibiki tu baada ya kupatikana. Laweza kuondolewa kabla.

Watanzania wanalijua hilo kupitia Filbert Bayi. Tarehe 2 Februari 1974, huko Christchurch, New Zealand, alikimbia mita 1,500 kwa dakika 3 na sekunde 32.16, rekodi mpya ya dunia, huku John Walker wa New Zealand akimfuata nyuma yake. Dunia nzima ilisubiri wakutane tena katika Olimpiki ya Montreal mwaka 1976. Hawakukutana. Tanzania na nchi nyingine nyingi za Afrika zilisusia michezo ile, kwa sababu timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imezuru Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi. Walker akachukua dhahabu ya mita 1,500. Alfajiri zote za Bayi zilizolenga siku ile zilibaki bila siku yake. Sababu ya kususia ilikuwa ya haki, lakini haki hiyo haikupunguza uzito wa kilichopotea.

Kama thamani ya mazoezi iko kwenye medali peke yake, basi miaka ile ilikuwa bure. Lakini Bayi aliendelea, na mwaka 1980 huko Moscow alipata medali ya fedha katika mbio nyingine kabisa, za mita 3,000 za kuruka viunzi na maji. Mtu asiharakishe kusema kwamba medali hiyo ndiyo iliyolipa deni la Montreal. Kinachostahili kutazamwa ni asubuhi za katikati, mwaka 1977 na 1978, wakati ya kwanza ilikuwa imekwenda na ya pili haikuahidiwa na mtu yeyote. Aliyeamka asubuhi hizo hakuwa na mkataba.

Mwalimu naye aliacha. Siku tisa baiskeli ilitundikwa makoti. Siku ya kumi mkewe aliyaondoa, akaketi kwenye kiti kidogo kando yake na ungo wa maharage. Hakuhubiri. Alisema tu, "Baba, kanyaga mpaka nimalize kuchambua haya." Ungo ule ulichukua dakika kumi na mbili hivi. Kesho yake ulichukua ishirini. Soma Mhubiri 4:9–12. Mara nyingi mtu aliyeanguka hahitaji sababu mpya ya kusimama. Sababu anazo tele. Anahitaji mwenzake aketi karibu, na kazi ikatwe vipande vidogo ambavyo hata moyo mzito unaweza kuvibeba.

Siku ya Sabato baiskeli ilipumzika. Hapo mwanzo mwalimu aliona hiyo ni siku iliyopotea, kisha akajua kwamba misuli hujengeka wakati wa kupumzika baada ya kazi. Lakini Sabato haikutolewa ili misuli ijengeke. Ilimkumbusha jambo ambalo siku tano za kukanyaga zingeweza kumsahaulisha: kwamba uhai wake hautengenezwi na miguu yake. Asiyeweza kushuka kwenye baiskeli amekwisha kuifanya bwana wake, hata kama anadai ni kwa ajili ya afya.

Mwishoni mwa Agosti alirudi kliniki. Shinikizo lilikuwa limeshuka kidogo, kidogo tu, na akaambiwa aendelee na dawa. Alitegemea habari kubwa zaidi. Jioni ile hakusema mengi. Kesho yake ukungu ulikuwa umeanza kupungua, jua likagusa mgongo wa mlima, na barabara ya Soni ilikuwa inakauka. Alipanda baiskeli palepale sebuleni, na mkewe akavuta kiti.

Kwa kikundi: Mwalimu alipopanda asubuhi ile baada ya kupata majibu madogo, alikuwa anafanya hivyo kwa ajili ya nini? Na kama majibu ya kliniki yangekuwa mabaya zaidi, je, kikundi chenu kingemshauri nini, na nani kati yenu angechukua ungo na kuketi naye?