Kifaranga na Mkondo

Tuna desturi ya kumsifu mtu aendaye kinyume cha mkondo. Papo hapo tunafundishana kwamba mkataa wengi ni mchawi. Nimeishi na semi hizo mbili kwa miaka mingi bila kugundua kwamba zote zinaliruka swali lililo gumu zaidi: mtu aliye ndani ya mkondo atajuaje kwamba anachukuliwa?

Swali hilo nimefundishwa kuliuliza na samaki mdogo mno. Wataalamu humwita Danio rerio, na asili yake ni vijito na mabwawa ya India, Bangladesh na Nepal. Kifaranga chake cha siku 5 hadi 7 kina urefu wa milimita 4 hivi, na mwili wake unapenya mwanga kama kioo. Hata hivyo, ukimtia katika maji yanayokwenda, hugeuza kichwa kuelekea yatokako maji na kupiga mkia kidogo kidogo. Hafanyi hivyo kwa ukaidi wala ushujaa. Anataka kubaki alipo, asichukuliwe.

Kwenye mwanga, samaki husaidiwa na macho. Mwaka 1904 Mmarekani E. P. Lyon aliwafungia samaki ndani ya chupa ya kioo, akaisogeza chupa hiyo majini. Ndani ya chupa maji hayakuwapitia, lakini samaki waliogelea kuupinga mwendo, kwa sababu waliona vitu vya nje vikiwaacha.

Je, gizani? Mwaka 2017 Pablo Oteiza, Florian Engert na wenzao wa Chuo Kikuu cha Harvard walieleza jambo lililonikosesha usingizi. Juu ya ngozi ya kifaranga mna vishada vya seli zenye vinyweleo, ndugu wa zile zilizomo ndani ya sikio letu. Maji yakipita, vinyweleo hupinda. Lakini fikiri, msomaji: aliye katikati ya maji yaendayo yote kwa kasi moja, gizani, bila kugusa kitu, atahisi nini? Yeye na maji wanakwenda pamoja. Kwake yeye, ametulia.

Kinachomwokoa ni kwamba maji hayaendi sawa kila mahali. Karibu na ukingo hujivuta. Mbali na ukingo hukimbia. Kwa hiyo upande mmoja wa mwili wake hupitwa na maji yenye kasi kuliko upande wa pili. Kila apigapo mkia, kifaranga hulinganisha. Tofauti ikipungua, huendelea mbele. Ikiongezeka, hugeuka kufuata upande ambao maji yanataka kumzungusha. Kwa hesabu hiyo ndogo, hatimaye huikabili njia yatokako maji. Vinyweleo vilipoharibiwa kwa dawa, vifaranga walishindwa kufanya hivyo gizani.

Niliposoma hayo nilikumbuka ofisi niliyofanyia kazi ujanani. Pale tulikuwa na mazoea: safari ya siku tatu huandikwa siku tano kwenye fomu ya posho. Mkuu wangu aliandika tano, dereva aliandika tano, na mhasibu alilipa tano bila kuinua uso. Sikuwahi kujiona mwizi. Ningejionaje? Sote tulikwenda kwa kasi moja.

Mwaka mmoja nilikwenda likizo kijijini, nikampelekea mama sukari na doti ya khanga. Mama alikuwa mweka hazina wa kikundi cha kufa na kuzikana. Jioni alihesabu fedha za kikundi, akakuta zimezidi shilingi chache. Akahesabu tena, kisha akajifunga khanga yake na kuwasha kandili. Nikamwambia, “Mama, si ungengoja asubuhi?” Akanijibu, “Mwanangu, hela ya watu nisiizoeze kulala kwangu.” Akatoka kwenda kuuliza nani amelipa mara mbili.

Nilibaki nimekaa na ile sukari na ile khanga, nikijua zimenunuliwa kwa siku zipi za safari. Mama hakunihubiria, wala hakujua lolote. Lakini kwa mara ya kwanza nilihisi maji yakinipita upande mmoja wa mwili.

Tusiharakishe, hata hivyo, kusema kwamba ukingo una haki daima. Kijiji kilekile kilikuwa na mkondo wake: mabinti hawakurithi shamba, na mama mwenyewe aliona ni sawa. Dada yangu aliyeolewa mjini ndiye aliyekuja siku moja akauliza kwa nini, na safari hiyo ni mama aliyenyamaza. Ukingo, basi, haukupi jibu. Unakupa tofauti, nayo tofauti inakuamsha. Kulinganisha ni kazi yako mwenyewe, na huifanyi mara moja ukamaliza. Kifaranga huifanya kila apigapo mkia.

Ndiyo maana siku hizi ninamwogopa mtu ambaye rafiki zake wote wanafanana naye, na ninajiogopa mimi ninapofikia hali hiyo. Moyo wake unaweza kuwa mwema kabisa, ila hana ukingo. Atauita utulivu ule mwendo unaompeleka asikokujua.

Niliporudi kazini, safari iliyofuata niliandika siku tatu. Mhasibu aliirudisha fomu akidhani nimekosea. Nilimwambia sikukosea. Alinitazama kitambo, akalipa. Wenzangu wawili waliacha kunikaribisha chai, na mkuu wangu hakunituma tena safarini kwa muda mrefu. Hayo yalikuwa madogo. Zile fedha za nyuma sikuzirudisha. Nilijiambia nisingeweza kuzirudisha bila kuwataja wengine, na hadi leo sijui kama hiyo ilikuwa sababu au kisingizio.

Kwa hiyo sijihesabu miongoni mwa mashujaa waliokwenda kinyume cha mkondo. Kifaranga naye hapandi mto. Anapiga mkia gizani ili mwanga umkute palepale. Zamani nilidhani kubaki palepale ni kutofanya kitu.