Umehesabu Maji?

Wapendwa, vijana wetu wanataka kutembea ufuo wa Shela, kule Lamu, hadi Kipungani, walale huko kwenye mahema. Bajeti niliitengeneza mimi, na mnajua nimesomea biashara: nauli, chakula, mahema, hadi fulana. Nikaona iko sawa.

Kisha mvuvi mmoja mzee akaniuliza, "Mwanangu, siku hiyo maji yanajaa saa ngapi?"

Nikamjibu, "Mzee, Mungu atatutangulia."

Akacheka. "Huyo Mungu ndiye aliyeweka bamvua."

Nilinyamaza. Tarehe niliyochagua ilikuwa ya mwezi mpevu, bahari inapojaa zaidi. Ufuo ule ni kilomita kama 12: upande huu bahari, upande ule vilima vya mchanga, kivuli hakuna. Na hao ni watoto wenu mlionikabidhi!

Luka 14:28 nimeihubiri mara ngapi? Kumbe mimi nilihesabu shilingi tu.

Basi safari tumeisogeza mbele wiki moja, wakati wa maji mafu. Fulana tumefuta, pesa hizo zitakodi punda wa kubeba maji ya kunywa. Wazazi, fomu ziko kwa ofisi. Kama mtoto ana pumu, tafadhali andika, usione haya.