Simu inapopiga hodi, tunamfungulia nani?

Katika Suratun-Nuur, aya ya 27 na ya 28, Mwenyezi Mungu (swt) anatufundisha adabu ya kuingia nyumba isiyokuwa yetu. Tuombe ruhusa kwanza, tuwatolee salamu waliomo, na tukiambiwa turudi basi turudi. Mtume (saw) akaifafanua adabu hiyo katika hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim kutoka kwa Abu Musa al-Ash'ari (ra), kwamba hodi ni mara tatu, na asiyepewa ruhusa aende zake. Sisi watu wa Pwani tumeiingiza adabu hii ndani ya lugha yenyewe. Hata mtoto wa miaka minne anajua kuwa hodi isipojibiwa, huingii.

Nimelazimika kuirejea aya hiyo kwa sababu ya simu. Kwa wiki kadhaa nimekuwa nikizijaribu programu za simu janja ambazo Waislamu wengi wa mjini wanazo: za nyakati za swala, za kuonyesha qibla, za kusomea Qur'an, za kuhesabia tasbihi. Mimi si fundi wa kompyuta. Nimezijaribu kama mtumiaji wa kawaida, yule anayepakua kitu akiwa barazani baada ya Isha kwa kuwa jirani yake amemwambia ni kizuri. Na vizuri vipo, tusikufuru neema. Kijana aliye kazini mahali ambapo adhana haisikiki anakumbushwa Adhuhuri. Mama anayejifunza kusoma anairudia aya moja mara ishirini kwa sauti ya msomaji mahiri bila kumchosha ustadhi. Hayo siyabezi.

Lakini kila moja ya programu hizo, kabla haijanionyesha chochote, iliniuliza jambo. Niruhusu nijue mahali ulipo? Niruhusu nione picha zako? Niruhusu nisome majina na namba za watu wako? Hili la mwisho liliulizwa na programu ya tasbihi. Tasbihi! Uzi wa shanga 33 haujawahi kumuuliza mtu namba ya shemeji yake.

Nilipokataa, moja iligoma kabisa kufunguka. Nyingine ilifunguka, ila kesho yake ikauliza tena, na keshokutwa tena, kila mara kwa maneno matamu zaidi. Ile hodi ya Abu Musa ina mwisho, ni tatu. Hii ya simu haina hesabu, inakungoja siku umechoka, una haraka, kidole kinateleza kwenye "Ruhusu".

Swali la kwanza la haki ni hili: je, inakihitaji inachokiomba? Nilidhani programu ya swala haina budi kujua nilipo, maana jua halichwi saa moja kila mahali. Nikaijaribu. Katika simu moja niliiruhusu ijue mahali nilipo kwa usahihi wote. Katika nyingine nilikataa, nikaandika tu jina la mji, Dar es Salaam. Nyakati zilikuwa zilezile. Na sababu yake haina uchawi. Jua hutumia dakika 4 kuvuka nyuzi moja ya longitudo, na kutoka Kibamba hadi Kigamboni hakufiki hata theluthi ya nyuzi. Ina maana mji mzima, toka pembe hadi pembe, unatofautiana kwa kama dakika moja. Misikiti yetu imekuwa ikichapisha ratiba moja ya Ramadhani kwa mji mzima na hakuna aliyefungulia mchana.

Kilichotofautisha nyakati katika simu hizo mbili kilikuwa kitu kingine kabisa, nacho ni kanuni ya hesabu. Nilipobadilisha kanuni, Alfajiri ikahama. Rabita ya Makka huhesabu Alfajiri jua likiwa nyuzi 18 chini ya upeo wa macho, Misri hutumia 19.5, na kanuni ya Waislamu wa Amerika Kaskazini ni 15. Tofauti ya nyuzi 3, kwetu huku karibu na ikweta, ni dakika 12 hivi. Kwa mtu anayekula daku, dakika 12 si mchezo. Basi lile linaloathiri ibada yangu programu haikuniuliza, ilinichagulia yenyewe kimyakimya. Lile ambalo halina athari ndilo ililoling'ang'ania.

Qibla ni hivyohivyo. Dar es Salaam na Makka zipo karibu katika mstari mmoja wa longitudo, kwa hiyo anayeswali Dar anaelekea kaskazini, akielemea mashariki kwa nyuzi moja tu. Mombasa na Unguja nako ni kaskazini vilevile. Mshale wa simu, kwa upande wake, hudanganywa na sumaku na chuma, na nikiiweka karibu na spika ya redio unazunguka kama pia. Anayetaka kuuhakiki mshale huo asubiri tarehe 28 Mei, au 27 katika mwaka mrefu, saa 6:18 mchana. Saa ya Makka na saa yetu ni moja. Dakika hiyo jua linakuwa juu ya Al-Kaaba sawasawa. Simamisha kijiti wima juani. Kivuli kinapoelekea, qibla ni kinyume chake. Tarehe 16 Julai, au 15 katika mwaka mrefu, saa 6:27, nafasi hiyo hurudi. Kijiti hakiombi ruhusa ya mtu.

Kama basi hakihitajiki kwa ajili ya swala, kinahitajika kwa ajili ya nani? Hapa ndipo jambo lenyewe lilipo, na kwa bahati hatuna haja ya kukisia. Novemba 2020 jarida la Motherboard la Marekani lilifichua kwamba kampuni iitwayo X-Mode ilikuwa ikiwalipa watengenezaji wa programu ili wapachike ndani yake kipande kidogo cha msimbo wake. Kipande hicho kilikusanya mahali simu ilipo na kukituma kwa X-Mode, nayo ikauza taarifa hizo kwa wakandarasi, na kupitia kwao zikafika katika jeshi la Marekani. Miongoni mwa programu zilizotajwa ilikuwamo Muslim Pro, ya nyakati za swala na qibla, ambayo wakati huo ilikuwa imepakuliwa zaidi ya mara milioni 98. Kwa uadilifu tuseme pia kuwa wenye Muslim Pro walikanusha kuliuzia jeshi taarifa za watumiaji wao, na wakatangaza kukata uhusiano na X-Mode. Januari 2021 jarida hilohilo likaitaja programu nyingine ya swala, Salaat First, kuwa ilipeleka taarifa za mahali kwa kampuni ya Ufaransa, Predicio. Januari 2024 Tume ya Shirikisho ya Biashara ya Marekani yenyewe ikaizuia X-Mode, ambayo sasa inaitwa Outlogic, kuuza taarifa za watu kufika katika maeneo nyeti, zikiwamo nyumba za ibada.

Ndugu msomaji, lipime hilo. Mtu anafungua simu ili ajue wakati wa kusimama mbele ya Mola wake, na kitendo hichohicho kinakuwa bidhaa.

Tutaambiwa kuwa taarifa hizo hazina majina. Ni kweli kwamba zinabeba namba tu, ile namba ya utambulisho wa matangazo ambayo kila simu inayo. Lakini Desemba 2019 gazeti la New York Times lilionyesha jinsi kinga hiyo ilivyo nyembamba, baada ya kupata faili lenye alama zaidi ya bilioni 50 za mahali zilipopita simu zaidi ya milioni 12 huko Marekani. Simu inapolala usiku ni nyumbani kwa mwenyewe, inaposhinda mchana ni kazini kwake. Ukishapata viwili hivyo, jina ni suala la kuuliza tu mtaani. Ongeza cha tatu, msikiti inakokwenda Alfajiri, na umempata mtu na madhehebu yake.

Na wapo wanaotaka kujua. Mwaka 2011 shirika la habari la AP lilifichua kwamba polisi wa New York walikuwa na kitengo cha kuchora ramani za maisha ya Waislamu: misikiti yao, migahawa yao, maduka yao. Kitengo hicho kilivunjwa mwaka 2014. Wale walihitaji askari wa kukaa mgahawani na kunywa chai. Leo kazi hiyo inaweza kufanywa na simu ambayo mlengwa ameinunua kwa pesa yake na kuichaji kwa umeme wake. Waislamu wa Tanzania wanaoukumbuka mjadala wa Sheria ya Kuzuia Ugaidi ya mwaka 2002 hawahitaji kufafanuliwa kwa nini hili si jambo la kuchekea.

Jibu ninalolisikia zaidi misikitini ni hili: "Mimi sina la kuficha. Wajue naswali, kuna ubaya gani?" Nimelitafakari kwa sababu linasemwa na watu wema. Tatizo lake ni kwamba linadhani faragha ni haki ya mwovu. Uislamu haukuijenga hivyo. Katika Suratul-Hujuraat, aya ya 12, tumekatazwa kupelelezana, na katazo hilo halikusubiri kwanza ijulikane kama anayepelelezwa ana kosa. Wanachuoni, akiwamo Imam Ghazali katika Ihyaa, wanasimulia kisa cha Sayyidna Umar (ra) aliyepanda ukuta wa nyumba usiku na kumkuta mtu katika maasi. Yule mtu akamjibu kwamba ikiwa yeye amemuasi Mungu kwa jambo moja, basi Umar amemuasi kwa matatu: amepeleleza, hakupita mlangoni, na hakutoa salamu. Umar akamwacha. Huyo alikuwa na la kuficha, tena kubwa, na bado ukuta wake ulikuwa na haki.

Lakini tuseme wewe ni mtakatifu na uko radhi. Je, unaloliruhusu ni lako peke yako? Siku moja nilipokea ujumbe kutoka namba nisiyoijua. Ulinitajia jina la kijana wa mtaani kwetu, kiasi anachodaiwa, na maneno ambayo gazeti hili haliwezi kuyachapa. Kijana alikopa kwenye simu, na alipobonyeza "Ruhusu" aliwakabidhi wakopeshaji orodha nzima ya watu wake. Ujumbe ule ulimfikia mkwewe. Ulimfikia imamu. Ulinifikia mimi, ambaye sikukopa, sikudhamini, na wala sikuulizwa. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu 69 zilizokuwa zikikopesha mtandaoni bila leseni, jambo linaloonyesha kuwa kijana wetu hakuwa peke yake. Riba yao ni mada nyingine, na hukumu yake inajulikana. Ninachokisema hapa ni kwamba namba yangu iliyo katika simu ya kijana ilikuwa amana. Amana hairuhusiwi na aliyewekewa. Huruhusiwa na mwenyewe.

Wanasheria watanionyesha yale maelezo marefu ambayo kila programu inayo, na kusema ulikubali. Nilijaribu kuyasoma ya programu moja. Ni kurasa na kurasa za Kiingereza cha mahakamani, na mahali panapotajwa watakaopewa taarifa zangu pameandikwa "washirika wetu", bila kusema ni akina nani wala wangapi. Fiqhi ya biashara, ambayo hata mtoto wa madrasa anagusiwa, inataka pande mbili ziridhike na kinachouzwa kijulikane. Muuza samaki wa Feri akikuuzia samaki aliye bado baharini, biashara hiyo ni gharari. Mimi nimeuza kitu nisichokijua, kwa mtu nisiyemjua, kwa bei ambayo sikuiona. Sijui ridhaa hiyo inaitwaje.

Sheria zipo, tusiseme hazipo. Kenya inayo tangu mwaka 2019, na Tanzania ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, ikaanza kutumika Mei 2023, nayo ina Tume yake. Simu zenyewe pia zimepata adabu kidogo. Za Android na za iPhone za miaka hii zina chaguo la kuruhusu mara hii tu, au wakati programu ikiwa wazi tu, au kutaja eneo kwa kukadiria badala ya mlango wa nyumba. Mengi ya machaguo hayo yaliongezwa kati ya mwaka 2019 na 2021. Namba ya matangazo nayo katika Android mpya inafutika kwenye mipangilio. Mimi ilinichukua dakika mbili, pamoja na kutafuta miwani.

Sasa nina ombi kwa masheikh wetu. Kila Ramadhani tunawauliza kama dawa ya matone ya macho inabatilisha swaumu, na wanatujibu kwa upole mwaka hadi mwaka. Naomba mwaka huu waulizwe na hili: mtu anayebonyeza "Ruhusu" na kutoa namba za watu mia tatu ambao hawakumtuma, kisha mmoja wao akadhalilishwa kwa sababu hiyo, anadaiwa nini naye, na atamwomba radhi vipi ilhali hajui hata kama alimtaja?