Makali ya Kisu na Deni Lake

Wahenga walinena kwamba mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama. Je, makali humpa mtu haki ya kula tu, au pia humtwika deni?

Mwindaji atakaye kisu kimoja cha kazi zote asivutwe na ukubwa. Bapa la sentimita 10 latosha kuchinja, kuchuna na kukata viungo. Refu zaidi laweza kutoboa utumbo na kuharibu nyama. Chuma chake kipenye hadi mwisho wa mpini, maana katika bawaba ya kisu cha kukunja hukwama damu na mafuta. Feleji yenye kaboni nyingi hunoleka kwa urahisi, ila hushika kutu isipofutwa.

Hata hivyo, kisu kizuri kilichoachwa butu ni dhuluma. Mtume Muhammad (S.A.W.) aliagiza mchinjaji anoe kisu chake na ampumzishe mnyama. Basi makali hupimwa pia kwa maumivu aliyoepushwa kiumbe asiyeweza kujitetea. Anunuaye kisu na asitafute kinoo hajatambua deni lake. Nasi walimu, tufundishapo methali ile, tusiwataje walaji peke yao.